Mbio Tatu za Mwaka wa Hamsini na Saba

Mume wangu Philémon aliupanga mwaka mzima kwenye karatasi moja ya daftari, akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Ilikuwa tarehe mbili Januari, na mimi nilikuwa nachambua maharage. Nilimwambia ukuta ule una unyevu, karatasi haitafika Pasaka. Akacheka. Philémon alikuwa mtu wa kucheka nikimkaripia, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Frère Grégoire, bruda wa misheni, alikuwa ametangaza mashindano matatu ya mbio kwa ajili ya sisi weusi: Jumatatu ya Pasaka, tarehe ishirini na moja Julai ambayo ni sikukuu ya Wabelgiji, na tarehe kumi na tano Novemba, Sikukuu ya Mfalme. Ambaye angeshinda mawili angepewa kazi ya kufundisha mazoezi ya viungo katika shule ya misheni. Angeitwa moniteur, na moniteur alikuwa na nyumba ya matofali karibu na shule, na watoto wake walisoma. Philémon alikuwa planton, mpeleka barua wa ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa pale Nyawera. Miaka tisa alikuwa amebeba maneno ya watu wengine kutoka mlango hadi mlango. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alijua kwamba miguu yake ilikuwa na mwaka huo tu wa kutoa.

Kwenye karatasi aliandika vilima kuanzia Januari hadi Machi, kasi mwezi wa Mei na wa sita, mapumziko wiki mbili baada ya kila shindano, kisha mbio ndefu kuanzia Septemba. Alipiga mistari kwa rula ya Delphine, binti yetu. Sijapata kumwona mtu akipanga shamba kwa uangalifu wa namna ile.

Shida ilikuwa barabara. Tulikaa Cimpunda, upande wa Kadutu, na Cimpunda wakati wa mvua ni utelezi mtupu. Mtu akikimbia pale anajifunza kuanguka. Mashindano yalikuwa juu ya lami, na lami iliyonyooka ilikuwa Muhumba, wanakolala wazungu. Siku ya kwanza alifunguliwa mbwa. Siku ya tatu polisi alimshika kola akamrudisha hadi sokoni.

"Maman Delphine, kule haiwezekane," aliniambia huku akipaka chumvi kidonda cha goti. "Mutu mweusi akikimbia asubui, banasema ameiba."

Mimi ndiye niliyemjibu. Ningependa kusema alikuwa mwingine.

"Papa Delphine, we hauko planton? Vaa kaki yako, kamata barua mu mukono, uinue juu. Nani atasimamisha planton mwenye iko anakimbiza barua ya muzungu?"

Alinitazama, akapiga makofi. Kesho yake alitoka ofisini na bahasha moja yenye muhuri wa ofisi, tupu, iliyokuwa itupwe kwa sababu ya doa la wino. Tangu siku hiyo alipita Muhumba kila alfajiri akiwa ameinua bahasha, na polisi walewale waliomshika kola walimfungulia njia. Mmoja alikuwa akimpigia kelele, "Harakisha, planton!" Jumapili nilikuwa naipiga bahasha pasi, kwa maana jasho lilikuwa linaikunja pembe. Nilijiona mwerevu kuliko wanawake wote wa Kadutu. Nilikuwa nakaa mlangoni najisifu peke yangu.

Kisha ikaja Kwaresima, na mume wangu akafunga. Alikula mara moja tu, jioni, siku zote arobaini, na asubuhi akapanda vilima vyake bila hata chai. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja kusuluhisha. Padri mwenyewe alikuwa ametangaza kanisani kwamba wanaofanya kazi ya jasho wamesamehewa.

"Siwezi kuomba Mungu kitu kikubwa vile na tumbo iko imejaa," alinijibu. "Iko haya."

Jumatatu ya Pasaka aliongoza hadi kilima cha mwisho. Pale nguvu zikamwisha waziwazi mbele ya watu wote, akaanza kutembea, akapitwa na watatu. Théodore, fundi viatu wa Kadutu, kijana asiyefunga wala kusali, alishinda. Sikumpa pole mume wangu. Nilimwekea sahani ya bugali, nikasimama juu yake hadi alipoimaliza.

Lakini Julai! Kiangazi kilikuwa kimekausha njia, alikuwa anakula vizuri, na ile karatasi, ingawa imeota ukungu pembeni, ilikuwa bado ukutani. Siku ya sikukuu alimwacha Théodore mbali kiasi kwamba alipofika alipata muda wa kunitafuta kwa macho katika watu. Nililia. Frère Grégoire alimshika mkono, akamwambia kwa Kifaransa kwamba Novemba ndiyo itakayoamua. Usiku ule Delphine aliniuliza nyumba ya moniteur ina madirisha mangapi, na mimi mjinga nikamjibu.

Jumanne moja ya Oktoba, Philémon alipita Muhumba kama kawaida. Nje ya ua mmoja alisimama mzungu mgeni, aliyehamia wiki hiyohiyo kutoka mkoa mwingine, rafiki wa mkurugenzi wa ofisi ya Philémon. Aliona muhuri, akanyoosha mkono.

"Iyo barua iko ya nani?"

Mtu aliyekimbia miezi tisa na bahasha ile hakuwa amewahi kujiuliza swali hilo. Wala mimi. Tulifikiria mbwa, tulifikiria polisi, tulifikiria mvua. Kwamba mtu anaweza kutaka kuisoma barua, hapana. Philémon alisema ni ya Bwana wa nyumba ya mbele. Mzungu akauliza Bwana yupi. Yule akaifungua bahasha, akatazama ndani, kisha akamtazama planton.

"Kile kilikuwa ndani kiko wapi?"

"Akukuwa kitu, Monsieur."

"Barua bila kitu? Unakimbia na barua bila kitu?"

Hapo mume wangu alisema ukweli, na ukweli ndio uliomwangamiza. Alisema anajizoeza kwa ajili ya mashindano. Walicheka kwanza, yule mzungu na polisi aliyeitwa, mmoja wa walewale waliokuwa wakimfungulia njia. Kisha wakakasirika, kwani nani anajizoeza mbio akiwa amebeba barua? Ofisini walipekua siku mbili. Hakuna kilichopotea. Lakini bahasha yenyewe ilikuwa mali ya ofisi, muhuri ulikuwa muhuri wa ofisi, na alikuwa amemdanganya mzungu barabarani. Alifukuzwa kazi, akapewa siku arobaini za gereza.

Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Zilikuwa zinaisha Novemba mwishoni.

Nilimwendea Frère Grégoire. Nilivaa pagne, kitenge changu cha Noeli, nikapiga magoti, jambo ambalo silipendi. Nilimwambia kosa ni langu, wazo ni langu, anifunge mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Maman, mi naamini wewe," alisema. "Lakini moniteur anafundisha batoto. Siwezi kuweka mbele ya batoto mutu mwenye ametoka mu gereza. Ata akishinda."

Basi hata siku zingepunguzwa, ilikuwa imekwisha. Nilirudi nyumbani nikaibandua ile karatasi. Ilitoka na kipande cha ukuta.

Siku ya Mfalme wafungwa walitolewa kupanga mabenchi na kufunga bendera. Nilimwona Philémon amesimama nyuma ya kamba akiwa na mavazi yao ya mistari, amebeba benchi begani, wakati Théodore alipopita akiwa peke yake mbele. Wafungwa wenzake walipiga kelele. Yeye alitazama miguu ya Théodore hadi ilipopotea kwenye kona, halafu mlinzi akamsukuma, akaenda kuliweka benchi mahali pake.

Alipotoka hakuzungumza habari ya mbio, na mimi sikuuliza. Hakuna ofisi iliyotaka planton wa aina ile. Wakurugenzi wote walikuwa wameshasimuliana kisa, wakicheka wakati wa kahawa yao. Wiki moja kabla ya Noeli walikuja waandikishaji wa migodi ya dhahabu ya Mwenga, mkataba wa miaka mitatu, chini ya ardhi. Philémon alikwenda kupanga foleni, nami nikamfuata, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwacha aende peke yake. Nilimwambia njiani, "Papa Delphine, ile bahasha, ni mimi." Alisema, "Ni wewe na mimi."

Muuguzi aliwapima kifua watu ishirini waliokuwa uani. Kisha akawaamuru wauzunguke uwanja mara moja, wote pamoja, ili awasikilize moyo ukidunda. Wengine walijikokota, wakicheka, wengine walishika suruali zisianguke. Mume wangu aliinama kidogo, kama alivyoinama Julai, akatoka. Alimaliza wakati wenzake walikuwa hata nusu hawajafika. Alisimama mbele ya meza ya waandikishaji, mikono kiunoni, akingoja.

Karani wao alikuwa anawasha sigara, hakuona. Muuguzi aliweka sikio kifuani mwa Philémon, akamwambia asogee, akamwita anayefuata.