Pamba Chini ya Nyuzi

Saa tatu asubuhi Machibya alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, nyuma yake ukuta wa stoo ya chama cha ushirika iliyofungwa, gitaa la besi mapajani. Jenereta lilikuwa linanguruma kando ya lori. Foleni ya wakulima wa Dutwa ilifika mpaka barabarani, wengine na mifuko kichwani, wengine na baiskeli zilizolemewa hadi tairi zimebonyea. Ulikuwa msimu wa kwanza tangu serikali iruhusu kila mwenye mizani anunue pamba, na Anatoli alikuwa na mizani, lori na bendi. Bendi aliileta ili watu wasichoke kusubiri. Wanunuzi wa vijiji vingine walileta soda.

Machibya alikuwa mpiga besi bora kuliko wote kutoka Somanda mpaka Magu, na hilo hakungoja mtu amsemee. Alijua kwamba besi ikiachwa wazi inaendelea kulia hata mkono ukishaondoka, noti moja inaikanyaga nyingine, na bati la stoo linatetemeka mpaka mwimbaji hasikiki. Kwa hiyo nyuzi zinabanwa. Unapenyeza kipande cha sponji chini yake, pale zinapofungwa, na kila noti inatoka fupi, nzito, halafu inanyamaza. Sponji yake aliikata kwenye godoro, na mbuzi akaila wiki ya kwanza. Akaokota kitonge cha pamba alichokitupa Anatoli, akakipenyeza mahali pa sponji.

Ndivyo pamba inavyonunuliwa. Mnunuzi anazamisha mkono kwenye mfuko, anachomoa kitonge, anakivuta kwa vidole, anatamka: safi, au fifi. Safi ni nyeupe, haina majani wala madoa, na bei yake inaeleweka. Fifi ni hiyo nyingine, na bei yake haimfikishi mtu popote. Kitonge alichookota Machibya kilitoka kwenye mfuko wa mzee Mwandu, na Anatoli alikuwa ametamka fifi.

Mwandu akafungua mdomo abishe. Machibya akapiga. Mdomo wa mzee ulifunguka ukafungika, mishipa ya shingo ikamsimama, kidole kikaonyesha mfuko, lakini hakuna kilichosikika isipokuwa besi. Alipomaliza alingoja jibu, akaona halipo, akapokea chake akaondoka. Waliokuwa nyuma yake wakasema mzee ana busara, hakuwapotezea watu muda.

Anatoli alikuwa mfanyabiashara, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kuanzia mfuko uliofuata kitonge hakikutupwa chini tena. Kilirushwa moja kwa moja mapajani mwa Machibya. Machibya alitoa cha zamani akapenyeza kipya. Hakuona ubaya wowote. Kazi yake ilikuwa muziki, na muziki haukuwahi kumtoka vizuri namna ile.

Baada ya majuma machache nyuzi zikafa. Ukizipiga, zilitoa mlio wa mtu anayegonga gunia. Kila mpigaji anajua kwa nini nyuzi hupoteza sauti: jasho la vidole, vumbi, kutu, na safari hii mafuta ya mbegu za pamba yaliyojipenyeza kwenye mizunguko ya waya. Machibya alianza na dawa ya marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga ngoma. Akawasha moto wa mabua ya pamba, akaliegesha gitaa kando, kama ngozi inavyokazwa kabla ya mashindano ya ngoma. Rangi ya gitaa ikaota malengelenge. Nyuzi zikabaki vilevile. Ndipo alipozifungua, akazikunja, akazitia kwenye sufuria ya mkewe Jenifer, akazichemsha.

Maji yalipotokota, sauti ya Mwandu ikatoka ndani ya sufuria. Ilisema pamba hii tumeichambua kwenye mkeka, mimi na wajukuu, jani moja hulioni, na hiyo fifi unayoisema nionyeshe kwa kidole. Ikafuata sauti ya mwanamke, kisha nyingine, kila moja kwa zamu yake. Jenifer aliuliza kama zingechelewa kwisha, maana alitaka kusonga ugali. Kisha akasikiliza vizuri, akaliacha swali hilo.

"Mama analeta pamba yake Jumatano," alisema.

Machibya alijua. Mama mkwe wake, Ng'washi, alikuwa mjane. Maksai wake waliuzwa wakati mumewe akiugua, na pamba hii ndiyo ingewarudisha. Bila maksai angerudia jembe la mkono, na mgongo wake ulikuwa umeshakataa.

Sauti zilipotoka kwenye sufuria zilirudi kwa wenyewe. Mwandu alikuwa anakamua ng'ombe. Maneno yakamjia kinywani, akamweleza ng'ombe kila kitu, kwa hasira ileile. Ng'ombe alisikiliza mpaka mwisho. Pamba ilikuwa imeshafika kiwandani.

Jumatano nyuzi zilikuwa zimerudi kwenye gitaa, na pamba chini yake, Ng'washi akaja. Kwa desturi mama mkwe na mkwewe hawatazamani, basi alizunguka nyuma ya lori kufika kwenye mizani, na Machibya akainamisha uso kwenye nyuzi. Alisikia mkono wa Anatoli ukizama kwenye mfuko. Alisikia "fifi". Kitonge kikaanguka mapajani mwake.

Alikitazama. Kilikuwa cheupe, hakina hata alama ya vumbi. Aliona aibu, ile aibu inayopasha masikio moto. Akakitia kitonge kwenye mfuko wa shati, akachomoa kilichokuwa chini ya nyuzi, akapiga besi ikiwa wazi.

Besi ililia. Bati la stoo likatetemeka, na sauti ya Ng'washi ikatoka nayo, kubwa, bila haraka.

"Anatoli, mwanangu, hii ni pamba safi. Nimeichuma umande ukishakauka, nimeianika, nimeichambua. Na wewe unajua. Unaiita fifi kwa sababu wewe na wenzako mmegawana vijiji, na sisi wa Dutwa hatuna pengine pa kwenda."

Walisikia wote mpaka barabarani. Fundi baiskeli aliacha kupampu. Anatoli alingoja mama amalize, kisha akangoja na besi imalize, na ilichukua muda.

"Ni kweli, mayu," alisema kwa heshima, akimwita mama kwa Kisukuma. "Yote uliyosema ni kweli." Akawageukia wapakiaji. "Fifi. Pandisheni."

Mifuko ikapanda kwenye lori. Ng'washi alisimama pale na sauti yake nzima. Halafu akazunguka tena nyuma ya lori akaenda zake.

Aliyefuata naye akasema yake, na wa baada yake. Walisema vizuri, kila mtu alisikika, na Anatoli alimkubalia kila mmoja. Mifuko yote ikapanda kama fifi. Waliokuwa nyuma ya foleni walianza kucheza kidogo.

Mchana, jenereta lilipozimwa litiwe mafuta, Anatoli alikuja kwenye kiti. Machibya alijua anafukuzwa, akaanza kukunja waya wa spika. Lakini Anatoli alisema besi ikiwa wazi ni tamu zaidi, inavuta watu, aendelee hivyohivyo.

Machibya akamuuliza vile vitonge vyote vilikuwa vya nini, basi.

Anatoli alikuwa ameshaanza kurudi kwenye mizani.

"Nilidhani wakisema itabidi nifanye kitu," alisema, akaita mfuko unaofuata.