Kiti cha Ndege ya Tajiri

Marubani wenzake walimwita Pamba kwa jinsi alivyoitua ndege. Abiria wengine hawakujua kama wamefika mpaka waone jirani zao wanafungua mikanda.

Mkuu wa marubani alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa "hapana". Kwa hiyo siku alipomwita ofisini, akamvutia kiti mwenyewe, akamuuliza watoto hawajambo, machale yalimcheza Pamba hata kabla hajakaa.

"Kuna tajiri mmoja wa saruji amenunua jeti," mkuu alisema. "Hataki kuhangaika kuajiri marubani wake, kwa hiyo shirika letu ndilo litakalomrushia. Nataka wewe uwe kapteni wake."

"Mimi?"

"Wewe. Mwezi ujao unavaa mistari minne begani."

Miaka yote Pamba alikuwa amekaa kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi, akiutamani huo mstari wa nne.

"Nashukuru, mkuu. Na nafasi yangu kwenye foleni?"

Mkuu aligeukia dirishani, kule mafundi walikokuwa wakibadilisha gurudumu la ndege, akalitazama gurudumu lile kana kwamba hajawahi kuliona. "Hayo tutayaweka sawa. Usimwambie mtu kwanza."

Katika shirika lile kila kitu kilikwenda kwa ukongwe. Aliyeajiriwa kwanza ndiye aliyepanda ukapteni kwanza, ndiye aliyechagua likizo kwanza, na siku shirika likiyumba, ndiye wa mwisho kuonyeshwa mlango. Kati ya marubani wasaidizi wote, Pamba ndiye aliyekuwa mbele. Kapteni mmoja mzee alikuwa anakaribia kustaafu, na kiti chake kwenye ndege kubwa kilikuwa kinamsubiri yeye. Nyuma yake tu alikuwa rafiki yake, Msomi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alisoma gazeti mpaka matangazo ya viwanja.

Nyumbani alimkuta mumewe, fundi wa majokofu, amelala chali chini ya sinki akikaza bomba, na wifi yake anapiga pasi sare za shule. Akawaeleza.

"Wifi, mtu anakupa ukapteni mkononi na wewe umenuna?" wifi alisema. "Mimi kazini kwangu napewa lawama tu, na bado natabasamu."

Mumewe alitoa kichwa chini ya sinki. "Amekwambia usimwambie mtu?"

"Ndiyo."

"Basi kuna namna hapo, mama watoto. Jambo zuri huwa hatuambiwi tulifiche."

Asubuhi, kwenye gari la wafanyakazi, Msomi alimsogelea akamnong'oneza, "Hongera, kapteni!"

Pamba alimgeukia. "Nani amekwambia?"

"Ah, habari zina miguu yake," Msomi alisema, akafungua gazeti.

Kuanzia hapo Pamba hakutulia. Alianza kumpima Msomi kwa kila kitu. Akicheka, anamcheka nani? Akitoka nje kupokea simu, kwa nini hapokei hapa hapa? Alimwona akitoka ofisini kwa mkuu huku akijifuta jasho, na yeye Pamba alipoingia chumba cha kupumzikia, mazungumzo yalikatika ghafla, watu wakaanza kuzungumzia mvua. Msomi alipomletea chai, Pamba aliipokea, akaishika mpaka ikapoa, akaimwaga kwenye karo. Aliona aibu kidogo. Yeye na Msomi walikuwa watu waliofundishwa kazi pamoja, wakafeli mtihani wa hali ya hewa pamoja, wakalia pamoja.

Mwishowe alimwendea mwenyekiti wa chama cha marubani, kapteni mnene aliyekuwa akila ndizi mbivu huku miguu iko juu ya meza.

"Nikienda kwenye jeti, nafasi yangu inabaki?"

Mwenyekiti aliishusha miguu. "Makubaliano yetu yanahusu ndege za shirika. Jeti si ya shirika, ni ya tajiri. Ukienda kule, umetoka kwenye foleni. Akiichoka akaiuza, unarudi hapa unaanzia mkiani, nyuma ya vijana uliowafundisha kufunga tai."

"Nani alikubali jambo kama hilo?"

"Hakuna aliyekubali. Hakuna aliyeuliza." Akafikiri kidogo. "Yaani, kuna mmoja aliuliza. Msomi alikuja hapa wiki iliyopita na swali hili hili."

Pamba aliondoka bila kuaga. Kumbe Msomi alijua. Alijua, na bado alimpa hongera.

Alimkuta kwenye maegesho akitafuta funguo za pikipiki yake. Hakumsalimia.

"Ulijua kwamba nikienda kule napotea."

Msomi aliacha kupekua mifuko. Alitazama kulia na kushoto, kisha mabega yakamwanguka. "Mkuu aliniita mimi kwanza. Nikamuuliza habari za foleni, akakasirika. Akaniambia nimtajie mtu asiye na maswali mengi. Nikakutaja wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Una watoto. Jeti ile siku nyingi inalala hapa hapa, ungekuwa unakula nyumbani. Nusu nilikuonea huruma, Pamba, nakuapia."

"Na nusu nyingine?"

Msomi alirudia kupekua mifuko. "Ukiondoka, kiti kile ni changu."

Pamba alitaka kumtukana, lakini maneno aliyoyatafuta hayakuja. Yalikuja mengine. "Kesho kuna mkutano wa chama. Utasimama useme haya haya. Ile nusu ya huruma iache nyumbani."

"Mkuu atanimaliza."

"Na wewe ulikuwa unanimaliza mimi."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, watu wengine wakasimama ukutani, lakini Msomi hakuonekana. Pamba alikuwa ameshajiambia kwamba jamaa ameingia mitini, na huenda muda ule ule yuko kwa mkuu akiuza maneno yake, pale mlango ulipofunguliwa. Msomi aliingia akiwa na sare, akaenda moja kwa moja mbele. Alieleza jinsi alivyoitwa, alivyouliza, na alivyokaripiwa. Ila pale pa kumtaja rafiki yake, alipita haraka haraka: "Kisha mkuu akatafuta mtu mwingine."

Pamba aliinua mkono nusu, akaushusha. Ushahidi ule ulikuwa unamhitaji msemaji asiyechafuka. Akaliacha lipite.

Marubani walikubaliana kwa sauti moja kwamba hakuna atakayeigusa jeti mpaka iingizwe kwenye foleni ya ukongwe kama ndege nyingine. Jeti ikakaa uwanjani, injini zimefunikwa vitambaa vyekundu, tajiri akisafiri kwa ndege za abiria na kulalamika juu ya nafasi ya magoti. Haikuchukua muda shirika likalegea. Ikakubaliwa kwamba atakayeirusha jeti anahesabiwa miaka yake kama kawaida, na kiti cha jeti kitatolewa kuanzia juu ya foleni. Mkuu alimuuliza Pamba mbele ya watu, bila kumtazama usoni. Pamba akasema hataki. Akaulizwa Msomi. Msomi akakichukua.

Yule kapteni mzee alipostaafu, Pamba alihamia kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Wifi alipiga kigelegele jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Na Msomi? Walisalimiana walipokutana, wakaulizana habari za nyumbani. Lakini Pamba hakukaa naye tena siti moja kwenye gari la wafanyakazi.

Mwaka uliofuata Msomi alipiga simu. Tajiri alikuwa na kiwanda cha samaki pia, nacho kilikuwa kinatafuta fundi wa vyumba vya baridi, na yeye alikuwa amemtaja shemeji yake, yaani mume wa Pamba. Mume alifurahi. Pamba hakulala vizuri. Alimtuma mumewe aulize nani mwingine aliomba, fundi wa zamani aliondoka kwa nini, na kama kuna mtu atadai chochote. Mume alikwenda, akauliza yote, akarudi jioni amechafuka mafuta na amechoka.

"Vyumba vya baridi ni vibovu," alisema. "Basi. Hakuna kingine."

Pamba alimpigia Msomi kumshukuru.

"Karibu, dada," Msomi alisema.

Pamba alibaki na simu sikioni, akisubiri ile nusu nyingine. Msomi akamtakia safari njema tu, akakata.