Bakuli la Jirani

"Mwakeye, jirani!"

Sauti ya Walter iliruka ukuta ikamkuta Winfrida amechuchumaa jikoni, anageuza migebuka kwenye mawese. Hakuitikia upesi. Mtu wa Moshi, Kiha chenyewe kajifunza juzi kwa wauza samaki, halafu anakitangaza asubuhi yote hiyo kama mwenye mji! Na alikuwa anacheka. Kicheko kizima, cha kutoka kifuani, hakikukatizwa na kikohozi hata mara moja.

Kifua hicho Winfrida alikijua. Wakati wa masika Walter na Selestini, mume wa Winfrida, walilazwa vitanda jirani kule Mwanza, wote saratani ya mapafu, wote imeshatambaa mpaka kwenye mifupa. Winfrida ndiye aliyefua shuka za Walter siku ambazo mkewe, Christina, alikuwa hoi kwa kukesha. Vinyama vilivyokatwa mapafuni mwao vikapelekwa kupimwa Dar, majibu yakarudi yanafanana, daktari akafurahi waziwazi. Uvimbe wa aina hii una vidonge vyake, aliwaambia, vinaulenga wenyewe. Wapewe dripu na vidonge pamoja, kwani dripu peke yake haitafika mbali.

Walter, afisa misitu, alipata vyote viwili. Selestini, fundi wa injini za boti, alipata dripu.

Sasa mmoja anamwagilia maua hapo mtaani Buzebazeba, Kigoma, na kusalimia wapita njia. Mwingine amekaa chumbani kaegemezwa mito, maana akilala chali pumzi inamkata. Wivu? Ndiyo, wivu. Winfrida hakumficha Mungu. Roho ilimuuma, na kila Walter alipocheka ilimuuma upya.

"Mwakeye," alijibu mwishowe, akaepua samaki.

Kabla ya kupakua alikwenda kwanza hospitalini, kwenye dirisha la bima. Kijana wa pale, Bariki, alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mama. Umerudi tena?"

"Marahaba. Nimerudi. Vidonge vya mzee wangu vimefikia wapi?"

"Mama, si nilishakwambia? Kadi yenu ni ile ya kaya. Inalipia dripu. Vidonge vile ni kwa kadi ya mtumishi wa serikali."

"Daktari kasema wapewe wote."

"Daktari anaangalia ugonjwa. Sisi tunaangalia kadi."

"Na hayo mapafu ya watumishi yakoje, mwanangu? Yana cheo?"

Waliokuwa kwenye foleni wakaguna, mmoja akacheka. Bariki akapuliza chai yake. Hakuonekana mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Winfrida zaidi.

"Mimi natumwa tu, mama yangu. Haya, anayefuata!"

Alirudi nyumbani, akamlisha Selestini vijiko vya uji, akapakua migebuka iliyonona kwenye bakuli la bluu na kuvuka kwa jirani. Walter bado alihesabika mgonjwa, na mgonjwa hupelekewa kitu. Hata roho ikikuuma unapeleka, watu wasije wakasema.

Christina alimpokea kwa mikono miwili. "Jamani Mama Yunisi, unatudekeza! Karibu, keti."

Walter alikuwa kwenye kochi, kanenepa mashavu. Mbele yake, kando ya chupa ya chai, palikuwa na boksi la vidonge limeachwa wazi, karatasi yake ya fedha ikimetameta. Limeachwa tu hivyo, kama njugu. Winfrida alilitazama mpaka macho yakamuwasha.

"Selestini anaendeleaje?" Walter aliuliza.

"Yupo."

Christina alitoka jikoni na bakuli limeoshwa, linang'aa, halina kitu. Ndivyo alivyolirudisha siku zote, mwezi baada ya mwezi, na siku zote Winfrida alilipokea na kunyamaza. Leo hakulipokea.

"Mama Sia, huku kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu."

Christina akashika mdomo. "Mungu wangu! Kumbe! Na muda wote huu hukuniambia? Nisamehe, dada. Niweke nini, sasa? Niambie tu."

"Hivyo vidonge." Winfrida alielekeza kidole kwenye boksi.

Walter, aliyekwisha kuanza samaki, aliacha kutafuna. Christina alitazama kidole, akatazama boksi, na uso wake ukabadilika.

"Mpe," Walter alisema taratibu. "Mpe hata karatasi moja, Christina. Yule ni mwenzangu."

"Nimpe?" Sauti ya Christina ilipanda. "Daktari si alisema usikose hata siku moja? Ukikosa ugonjwa unarudi! Nimpe halafu mimi nibaki na nani hapa Kigoma?" Alilichukua boksi akalikumbatia kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nisamehe, Mama Yunisi. Asikose hata siku moja, ndivyo alivyosema."

"Wangu anakosa kila siku," Winfrida alisema.

Christina aliingia jikoni, boksi kwapani, akakawia. Aliporudi bakuli lilikuwa limejaa sukari mpaka ukingoni. Winfrida alitamani kuimwaga palepale juu ya zulia. Lakini alishukuru, kama anavyoshukuru mtu aliyelelewa, akatoka.

Jioni alimpikia Selestini chai. Alitega sikio upande wa ukuta. Kimya, Walter hakucheka wala hakusalimia mtu. Winfrida alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kweli. Kisha akasikia mluzi katika kifua cha mumewe, na furaha ikamtoka.

Selestini alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa kidogo.

"Leo tamu. Sukari imetoka wapi?"

"Kwa Walter."

"Hajambo?"

"Hajambo. Kanenepa."

"Afadhali." Alivuta pumzi, akasubiri nyingine ije. "Amekupa mwenyewe, au ulimwomba kitu?"

Winfrida alimfuta kidevu kwa ncha ya khanga.

"Niliomba sukari," alisema.