Siku Dunia Ilipopinduliwa Bukoto

Maalim Abubakar alikuwa mtu mwema, lakini ubishi wake, lo, haukuwa na dawa! Asubuhi alisomesha watoto Kurani, mchana akauza chumvi na sabuni katika duka lake pale Bukoto, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Nimekosea." Babu yake, aliyekuja na misafara kutoka pwani, alimfundisha kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, ng'ombe akichoka huihamishia pembe ya pili, ndipo ardhi inapotetemeka. Basi, shauri limekwisha.

Sasa binti yake Mahfudha si akaolewa na Jafar, mwalimu wa sayansi! Mkwe na mkwewe wakawa hawakutani ila wanabishana, na tuseme kweli, walikuwa wakiufurahia ubishi huo. Kwa kawaida walibishana kwa Kiganda. Siku ile duka lilijaa watu wa kila kabila, Maalim akataka kumwaibisha kijana.

"Sema Kiswahili, kila mtu akusikie!"

Jafar akacheka. Akaweka limau juu ya kigoda. "Hii ni Dunia, Baba. Zamani watu walidhani imekaa kwenye kiti katikati, na vyote vinaizunguka. Wataalamu wakatazama nyota, wakapima, wakaipindua." Akaliondoa limau, akaweka chungwa. "Sasa kiti ni cha Jua."

Wateja wakacheka. Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa na miwani myeusi, amekuja kununua sigara, na nje gari lake lilikuwa halina namba. Siku hizo wanajeshi walikuwa wametwaa serikali kwa kuipindua, na neno kupindua lilikuwa halitamkwi hata chumbani.

"Nani napinduliwa? Kiti ya nani?"

"Dunia, afande," Jafar akasema, kicheko kimemkauka.

Yule mtu akamgeukia Maalim. "Mzee, wewe nafundisha dini, hapana sema uongo. Hii maneno ni ya jua kweli?"

Neno moja tu lilitakiwa. Naam. Lakini Maalim aliwaona wateja wakimtazama, akaona akisema naam, ng'ombe wa babu yake amekwisha, na Jafar ameshinda mbele ya Bukoto nzima. Akapandisha mabega.

"Jua gani! Hakuna mwenye akili anayesema dunia inazunguka. Mwulize mwenyewe ana maana gani."

Alidhani ameshinda. Maskini, hata akatabasamu. Tabasamu lilikuwa bado mdomoni Jafar aliposhikwa ukosi na kutupwa ndani ya gari. Maalim akakimbia nyuma yake bila viatu, akipiga kelele, "Anasema kweli! Wallahi inazunguka! Vitabu vyote vinasema hivyo!" Gari likakata kona, likapotea. Jafar hakurudi, wala maiti yake haikuonekana.

Tangu hapo Maalim hakumtaja tena yule ng'ombe. Alinunua vitabu vya sayansi vilivyochakaa, akavisoma kwa shida, akajutia kila ukurasa.

Jioni moja alikuwa ameketi barazani na Mahfudha, ambaye alikuwa akichambua mchele.

"Jua linazama, Baba. Niingize viti?"

"Halizami, mwanangu," akasema taratibu. "Limekaa pale pale. Sisi ndio tunaogeuka."

Mahfudha akaweka ungo chini. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuua mzee.

"Ungemwambia hivyo yule mtu, Baba," akasema, akainuka kuingiza viti.