Mama Apatanisha Dawa

Mara ya kwanza daktari wa macho alipoahirisha operesheni ya mama kwa sababu ya presha, nilivumilia. Mara ya pili nilitaka kulia pale pale kwenye korido. Jicho la kulia lilikuwa limeshazibwa na ukungu, la kushoto liko njiani, na mama, fundi cherehani maisha yake yote, alikuwa anatunga uzi kwa kupapasa.

Daktari alisema presha inapandishwa na vidonge alivyokuwa anameza kwa maumivu ya goti. Basi nikampeleka kwa mtaalamu wa tiba ya Kichina, nyuma ya benki. Akamchoma visindano vyembamba kuzunguka goti, akampa na mizizi ya kuchemsha. Goti likatulia kweli, vidonge vya maumivu tukavitupa. Presha ikagoma kushuka. Daktari akalaumu mizizi. Mtaalamu akauliza kama dawa ya presha inamezwa inavyotakiwa. Mimi nikawa mpira wao, huyu anipige, yule anirudishe.

Jumamosi nikamkuta mama jikoni, ameinamia sufuria ya mizizi, anatumbukiza vidonge vya presha.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazipatanisha," akasema, wala hakugeuka. "Zikikutana tumboni zitagombana. Afadhali zizoeane humu humu."

Huyu ndiye mama ambaye ugomvi wowote wa ukoo huumaliza kwa kuwafungia wahusika chumba kimoja mpaka waelewane. Wajomba, mawifi, wapangaji, wote wamepita humo. Sasa ilikuwa zamu ya dawa. Nilikasirika, nikamwaga sufuria nzima.

Kisha nikatumia mbinu yake mwenyewe. Nikamkokota mtaalamu mpaka ofisini kwa daktari, nikasimama mlangoni. Walianza kwa kukohoakohoa. Niliposimulia habari ya sufuria, daktari akajifunika uso, mtaalamu akacheka mpaka akavua miwani. Wakakubaliana bila shida: visindano viendelee, mizizi isubiri mpaka baada ya operesheni, vidonge vimezwe kwa maji. Jambo la simu moja tu, lakini hakuna aliyekuwa amejisumbua kumuuliza mwenzake.

Presha ikashuka, jicho likafanyiwa kazi. Siku bandeji ilipotolewa, mama alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mvi zote hizi umezitoa wapi?"

"Kwako, mama."