Wimbo wa Kamis Ulioimbwa Mapema

—wallahi amepata! Uturuki, jamani! Kamis wetu anaenda Uturuki, na haendi kukaa benchi, anaenda kufunga magoli!

Mkono wa Sumayiya ulifika mdomoni umechelewa. Maneno yalishatoka, na wanawake wote pale uani walishayadaka.

Na kosa la nani? La Joska! Joska, jirani yao wa zamani kule kambi ya polisi, ndiye aliyemchokoza. Walikuwa Old Kampala kwenye doluka ya binamu wa Sumayiya, ile ngoma ya Wanubi ya kumsherehekea bibi harusi. Wanawake wamejifunga gurbaba, zile nguo zao za rangi, na Hajati Rukiah anaimba. Sasa kwenye doluka, ukimpa mwimbaji jina la mtu wako na sifa yake, anakutungia wimbo palepale. Joska akatoa habari kwamba kaka yake Okullo amepandishwa cheo. Hajati akaimba Okullo, Okullo, nyota begani, mpaka Joska akacheza kitambaa kikamdondoka kichwani.

Halafu Sumayiya akae kimya? Yeye, mwenye kaka mshambuliaji kule Ureno? Haiwezekani. Habari ikimwingia Sumayiya haikai. Chuo kilimpa cheti cha uandishi wa habari, lakini mdomo alizaliwa nao.

Basi Hajati akalipokea jina la Kamis. "Kamis, Kamis! Waturuki fungeni milango, mtoto wa Kawempe anakuja!" Vigelegele! Sumayiya akacheza huku anarekodi, na kabla jasho halijakauka akaitupa video kwenye status, na vimoyo vyekundu juu.

Alikuwa juu ya boda anarudi Kawempe ndipo raha ya ngoma ilipomtoka. Alimkumbuka Kamis kwenye simu, anaongea polepole kama mtu anayebeba mayai: "Wewe na Nasif tu ndio mnajua. Hata Mama usimwambie. Klabu yangu bado haijakubali kuniachia. Wakisikia nyumbani mnasherehekea, wananiharibia."

Akaifuta palepale. Lakini unafuta nini? Ilishasambazwa kwenye simu za nusu ya ukoo, bila jina la aliyeirekodi, na Waganda wa Ureno walishaanza kumpongeza Kamis hadharani. Wakubwa wa klabu wakamwita. Kumbe umeshatuaga, na sisi bado tunazungumza? Kocha akamtoa kikosini. Waturuki nao hawakutaka kelele, wakachukua mshambuliaji mwingine. Dirisha la usajili likafungwa, na Kamis wetu akabaki anakimbia peke yake pembeni ya uwanja, na baridi ile.

"Ni Nasif," Kamis alimwambia Sumayiya kwa simu, akimlaumu rafiki yake wa tangu utotoni. Sauti ilikuwa imekauka. "Ngoma za Hajati zilienda na gari lake, si ndiyo? Na waliojua walikuwa nyinyi wawili tu. Au mi nakosea?"

"Mm," Sumayiya akajibu.

Mm tu. Na huyu ni msichana anayeweza kukusimulia harusi nzima mpaka viatu vya mpishi!

Tangu hapo chakula kilimshinda. Status ilikaa tupu, mpaka mama yake akamshika paji la uso.

"Bambi, maskini, mtoto huyu hasemi! Tukupeleke hospitali ya Mulago?"

"Niko sawa, Mama."

"Sawa gani? Nyumba imekuwa kimya kama msikiti umefungwa."

Jumamosi, Nasif mwenyewe akaja. Nasif ndiye aliyekuwa akimpa Kamis pasi kwenye uwanja wa vumbi wa Kawempe, tangu wanacheza pekupeku. Kamis alipoenda nje, yeye alibaki kufundisha timu ya watoto kwa jezi na mipira anayoituma Kamis. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akatoa funguo mfukoni.

"Ya stoo ya mipira," alisema. "Kamis amesema nikupe wewe. Amesema wewe ndiyo mwaminifu."

Sumayiya alipokea. Funguo ilikuwa na joto la mfuko wa Nasif.

"Amekuambia kwa nini?"

"Amesema nimemuuza." Nasif akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mi siku ile nilishusha ngoma, nikaenda kula wali na wanaume huko nje. Hata huo wimbo niliusikia kwenye simu ya mtu. Dada, mipira ile uichunge. Mmoja unavuja, uupige pampu kabla ya mazoezi."

Akageuka kwenda kwenye gari. Na simu ya Sumayiya ikalia. Kamis! Kwa video, nyuma yake nyasi za kijani na watu wanapasha misuli.

"Amekuletea funguo?"

"Kaka, mrudishie. Si Nasif."

"Nini?"

"Si Nasif, wallahi. Hakumwambia mtu. Alikuwa nje na wanaume."

Kamis alisogeza uso mpaka ukajaa kioo chote. "Basi ni nani, Sumayiya?"

Alifungua mdomo. Ule mdomo wake wote! Akaufunga tena. Filimbi ikalia huko Ureno, mtu akamwita Kamis kwa jina.

"Nenda mazoezini, kaka. Usije ukaharibikiwa tena kwa sababu yangu."

"Tena?" Kamis alisema. "Kwa sababu yako kivipi?"

Sumayiya akakata simu, akatoka mbio na ndala mguu mmoja. "Nasif! Nasif, ngoja!"

Akamsukumia funguo dirishani. Nasif aliitazama, akamtazama na yeye: macho mekundu, simu bado mkononi, ile simu ya kurekodia kila kitu. Uso wake ukabadilika polepole.

"Eh, Sumayiya," alisema. "Kumbe."

"Nimemwambia si wewe."

"Na iliyobaki?"

Simu ilikuwa inalia tena mkononi mwake, Kamis, Kamis, na yeye haipokei.

"Kesho," alisema, machozi yanamwingia mdomoni. "Kesho akitoka mazoezini namwambia iliyobaki. Wewe njoo, Nasif. Njoo ukae hapa, unisikie namwambia."