Mbadala Aligeuka Akasema

Mhariri wa filamu alikuwa akipunguza kelele za upepo kwenye onyesho la darini, chai imeshapoa kando ya kompyuta, mdogo wake alipogeuka ndani ya picha na kumtazama.

Mdogo wake alikuwa mbadala. Mwigizaji mkuu alipotakiwa kuanguka, yeye ndiye aliyeanguka, na kamera ilimchukua kisogo tu. Mara ya mwisho alianguka kutoka darini na hakuamka tena. Familia iliambiwa ameteleza, na ajali haina kinga. Wakazika, wakanyamaza.

"Dada," alisema sasa kutoka kwenye skrini, "mimi sikuteleza. Mwongozaji aliona godoro linaingia kwenye picha, akaamuru liondolewe. Hakuna aliyeniambia."

Sauti yake ilikuwa chini kidogo. Mhariri akaipandisha.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha, ya nyumba inayomeza wapangaji wake mmoja mmoja bila sababu. Ilipoanza kuonyeshwa, mbadala aligeuka kila jioni akasema yale yale. Watazamaji walitoka wakinung'unika. Maiti kusema hakukumsumbua mtu, wamekwisha kuona makubwa kuliko hayo. Walichokereka nacho ni kuelezwa.

"Wanatutafunia kama vitoto," alilalamika mmoja mlangoni.

Mwongozaji akaja chumba cha uhariri, akafunga mlango taratibu.

"Fumbo likifumbuliwa, utamu umekwisha," alisema. "Kata sauti yake. Picha ibaki, ana uso mzuri."

"Ni mdogo wangu."

"Najua, dada yangu, na pole sana. Ndiyo maana nakuachia wewe. Sitaki akatwe na mtu baki."

Alimaanisha, masikini. Hata machozi yalimlengalenga.

Mhariri alijua akikataa, atakata mwingine, tena vibaya. Akautafuta uchungu ndani yake asiupate. Palikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Akakata. Mdogo wake alingoja mpaka amalize, kisha akaendelea kusema bila sauti. Watu wakaanza kuisifu filamu.

Siku hizi mama yao huenda maonyesho ya mchana, akakaa mstari wa mbele. Alimsoma bintiye midomo tangu hajaota meno, sauti ya nini? Juzi binti alipogeuka na midomo kuanza kucheza, bwana aliyekaa kiti cha pili alimwinamia mama huyo.

"Mama, hivi unadhani anasema nini pale?"

"Ni mwanangu. Anamtaja aliyemuua."

"Aa, mama, usinielezee bwana! Utaniharibia filamu."

Mama akamwomba radhi, akarudisha macho mbele.